Mfongo

Vidole vyangu vilijua buni kabla ya macho.
Miaka kumi na sita kiwandani, Moshi, nyuma ya stesheni,
nilitenga AA na AB huku nikipiga soga,
punje iliyotobolewa na mdudu nikiinasa hata umeme ukikatika.
Kisha, Jumanne moja ya Februari, kiganja cha kushoto
kikavaa glavu ambayo sikuinunua.
Likafuata jicho. Wekundu ulichuja,
nyanya za Kiboriloni zikawa rangi ya udongo.

Shangazi Ndeanasia alisema ni mkono wa mtu.
Akataja jirani, akataja mbuzi, akataja na bei ya mbuzi.
Mashine ya picha ilisema vingine:
ilinimeza nusu saa nzima, ikigonga kama fundi bati,
ikatema madoa meupe ndani ya ubongo wangu.
Daktari Lyaruu akaandika jina refu kama treni ya Tanga,
akanitazama usoni, akalifupisha: Em-Esi.

Hakusema pole. Aliuliza, "Kwenu kuna mfongo?"
Upo. Unatoka msituni hadi migombani kwetu Kibosho,
zamu yetu ya maji ni Alhamisi.
"Basi maji ni amri ya kichwa,
kingo ni ganda la mafuta linalofunika neva.
Walinzi wa mfongo, askari wa damu yako mwenyewe,
wamekosea adui. Wanachimba kingo usiku.
Maji yanaanza tele huko juu,
mguuni yanafika matone."

Nikauliza swali la mkulima: nani anaziba?
"Palipobomoka, pengine pataziba penyewe, pengine hapatazibika.
Dawa zetu zinawazuia wachimbaji."

Akazipanga mezani kwa maneno,
kama nipangavyo sampuli za mnada.
Dripu ya siku chache, shambulio likiwa bado bichi:
inazima moto, haijengi nyumba.
Sindano za kujichoma mwenyewe, siku moja ndiyo, moja siyo,
zinataka friji, na friji inataka umeme.
Vidonge asubuhi na jioni; uso unawaka
kama aliyedanganywa kwenye pilipili; damu ipimwe, ini lipimwe.
Na dripu ya kila miezi sita, kali kuliko zote,
inayopunguza walinzi wenyewe,
hivyo kikohozi cha mtoto ndani ya nyumba kinakuwa habari.

"Unataka mtoto mwingine?"
Sikuwa nimejiuliza. Nina miaka thelathini na minane.
"Nauliza kwa sababu zipo ambazo mimba haizitaki."
Swali lilibaki pale mezani
hata baada ya yeye kufunga faili.

Dirisha la bima: mbili hazimo kwenye orodha.
Binti wa dirishani alisema kwa upole, akaita namba inayofuata.

Nikapanda Kibosho, kwa sababu joto la mjini
linanigeuza uji ifikapo saa saba.
Kitenge kilicholowa shingoni, fimbo mkononi,
mguu wa kulia ukifagia njia.
Kaka yangu Elirehema alikuwa ndani ya mfongo hadi magotini,
anashindilia tope na magome ya mgomba.
"Jana niliziba hapa hapa," akasema, wala hakulalamika.
Nilikaa ukingoni, nikatia miguu majini.
Mmoja uliyasikia yakiwa baridi.
Mwingine niliutazama tu.

Nimechagua dripu ya miezi sita.
Tumeuza ng'ombe mmoja, na chama cha akina mama kimenikopesha.
Kuhusu mtoto, mimi na Anaeli bado tunazungumza,
usiku, taa zikiwa zimezimwa.
Sijui kama nimechagua vizuri. Lyaruu naye
alisema "tutaona", na nikampenda kwa hilo.

Kiwandani wamenihamishia meza ya kuonja.
Lakini leo, msimamizi alipogeuka,
nilichota punje moja kwenye gunia,
nikaipitisha taratibu juu ya mdomo wa chini.
Nikafumba macho.
AB.
Nikafumbua. Ilikuwa AB.